Hati ya “Salvage”: mambo ya kufahamu kabla ya kununua au kukatia bima gari lililotumika Marekani

Gari lililotumika huweza kung’aa kwa rangi mpya na kuuzwa kwa bei ya chini, ilhali hati yake inaonyesha kwamba kampuni ya bima ilikwisha kulihesabu kuwa hasara. Kwa wahamiaji na wakimbizi wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani, ambao wengi wao hawawezi kufika kazini bila gari, neno moja katika hati hiyo huweza kuamua iwapo gari litapata bima.

Maana ya hati hiyo

Hati ya umiliki wa gari hutolewa na kila jimbo. Kazi yake inafanana na ya kadi ya gari Tanzania au logibuku Kenya. Gari likiharibika kwa ajali au mafuriko, kampuni ya bima hulinganisha gharama ya matengenezo na thamani ya gari kabla ya tukio. Gharama ikifikia kiwango cha jimbo husika, hati hutiwa alama ya “Salvage”.

Viwango hutofautiana. New York hutumia asilimia 75, Texas asilimia 100. Kwa hiyo gari la dola 10,000 linalohitaji matengenezo ya dola 8,000 huweza kupata alama hiyo New York, lakini si lazima liipate Texas.

Kwa kawaida gari la “Salvage” haliruhusiwi barabarani. Likitengenezwa na kukaguliwa, majimbo mengi hulipa hati mpya yenye neno “Rebuilt”, yaani limejengwa upya.

Ukaguzi si cheti cha usalama

Wanunuzi wengi hudhani kwamba neno “Rebuilt” ni uthibitisho wa ubora. Sivyo. Huko New York, kwa mfano, ukaguzi wa gari la “Salvage” unalenga kubaini vipuri vya wizi, wala si kuthibitisha usalama wa gari.

Hatari yake ni ya kweli. Mwaka 2024 NHTSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani, ilitahadharisha kuhusu vipuri hafifu vya kujazia mifuko ya hewa, vilivyofungwa katika magari yaliyotumika baada ya ajali za awali. Katika miezi 9, watu 3 walikuwa wameuawa na wengine 2 kujeruhiwa vibaya.

Bima

Kampuni nyingi hukataa kulikatia gari la “Salvage” bima ya kutembea barabarani. Gari la “Rebuilt” huweza kupata bima ya kufidia madhara kwa watu wengine, lakini baadhi ya kampuni hukataa kulipa bima kubwa. Hata zinapokubali, fidia huwa ndogo, kwa kuwa thamani ya gari lenyewe imeshuka. Mabenki nayo mara nyingi husita kulikopeshea. Ni busara mnunuzi kuipigia simu kampuni ya bima akiwa na namba ya gari kabla ya kutoa fedha.

Namna ya kuchunguza

- Linganisha namba ya utambulisho ya gari, yenye tarakimu na herufi 17, iliyo kwenye dashibodi, mlangoni na katika hati. Zote zinapaswa kufanana.
- Tafuta historia ya gari kwa namba hiyo. NMVTIS, mfumo wa taifa wa taarifa za hati za magari ulio chini ya Wizara ya Sheria, hutoa ripoti kupitia watoa huduma walioidhinishwa. NICB, taasisi inayopambana na uhalifu wa bima, ina huduma ya bure.
- Omba risiti za vipuri na picha za gari kabla ya kutengenezwa.
- Mpeleke fundi wako mwenyewe, wala si wa muuzaji, alikague gari.

Ripoti safi pekee haitoshi. Gari lisilokuwa na bima huenda ajali yake haikuripotiwa popote, na baadhi ya walaghai hulisajili gari katika jimbo jingine ili alama ipotee. Harufu ya ukungu, matope chini ya zulia na kutu kwenye reli za viti ni dalili za mafuriko.

Gari la “Rebuilt” lililotengenezwa vyema linaweza kumfaa mnunuzi, mradi bei iakisi historia yake, nayo bima iwe imekubaliwa kabla ya malipo.