Samurai Hakuwahi Kuichukia Bunduki

Katika filamu ya The Last Samurai ya mwaka 2003, wapiganaji wa Katsumoto wanalikabili jeshi la serikali ya Japani kwa upanga, mkuki na mishale, kwa sababu kiongozi wao anaiona bunduki kuwa silaha isiyo na heshima. Watazamaji wengi wameamini tangu hapo kwamba samurai na baruti walikuwa mahasimu. Kumbukumbu za vita za Japani zinasema vingine: tabaka la samurai liliipokea bunduki mapema, likaieneza haraka, na likafa likiwa nayo mkononi.

Wareno walifika na bunduki za mrao, yaani zinazolipuliwa kwa utambi unaofuka, katika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543. Mtawala wa kisiwa hicho alinunua mbili na kuwaamuru mafundi wake waziige. Haukupita muda mrefu, miji kama Sakai na Kunitomo ikawa inazifua kwa wingi. Mabwana wa vita walizipenda kwa sababu ya wazi: mpiga mishale hodari huchukua miaka kumlea, ilhali askari wa miguu wa kawaida, ashigaru, alifundishika kulenga na kufyatua kwa muda mfupi. Toyotomi Hideyoshi alipoamuru wakulima wanyang'anywe silaha mwaka 1588, amri yake ilitaja bunduki pamoja na mapanga na mikuki. Maana yake ni kwamba zilikuwa zimekwisha kuzagaa hadi vijijini.

Akira Kurosawa aliujua ukweli huo kuliko watengenezaji wengi wa filamu. Katika Seven Samurai ya mwaka 1954, samurai wote wanne wanaokufa wanauawa kwa risasi, si kwa upanga. Hata hivyo, bunduki tatu za filamu hiyo ni za majambazi, na katika Yojimbo ya mwaka 1961 bastola imo mikononi mwa mhalifu Unosuke. Baruti inaonyeshwa, lakini mara zote ni mali ya mtu mbaya, na silaha kuu ya shujaa ni upanga. Kwa mpangilio huo, hata filamu makini humfundisha mtazamaji kwamba bunduki ilimjia samurai kutoka nje ya ulimwengu wake.

Kosa la pili linahusu mbinu. Kagemusha, filamu ya Kurosawa huyohuyo ya mwaka 1980, inamalizikia Nagashino, ambako mwaka 1575 Oda Nobunaga na Tokugawa Ieyasu walilishinda jeshi la Takeda Katsuyori. Tunaona wimbi baada ya wimbi la Watakeda likiangamia mbele ya wapiga bunduki waliojikinga nyuma ya boma la miti. Boma lilikuwapo kweli. Lakini masimulizi mashuhuri ya bunduki 3,000 zilizofyatuliwa kwa zamu na safu tatu yanatokana na Oze Hoan, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 17. Ota Gyuichi, aliyemtumikia Nobunaga mwenyewe, anataja wapiga bunduki wapatao 1,000 na hasemi lolote kuhusu safu hizo. Tena Watakeda nao walikuwa na bunduki zao. Waliloshindwa nalo ni wingi wa adui, boma lake na uwanja aliouchagua. Hawakushindwa kwa kuwa waliishi katika enzi iliyopita.

Kuna hoja ya kupinga yenye uzito: chini ya utawala wa Tokugawa, nchi ilikaa kwa amani zaidi ya miaka 200, na upanga ukawa alama ya cheo cha samurai. Filamu za kipindi hicho zina haki ya kuionyesha bunduki kwa nadra. Lakini haki hiyo haiwezi kusogezwa hadi mwaka 1877, mwaka wa uasi wa Saigo Takamori ambao ndio chanzo cha The Last Samurai. Saigo alikuwa jemadari wa vita vya 1868 dhidi ya utawala huo wa Tokugawa, vilivyopiganwa kwa bunduki na mizinga. Uasi wenyewe uliwaka baada ya serikali kuanza kuhamisha silaha na baruti kutoka Kagoshima, na wafuasi wake wakavamia maghala. Katika mapigano ya Tabaruzaka walipigana kwa bunduki, nyingi zikiwa za kujazwa kwa mdomo wa mtutu, dhidi ya askari wenye bunduki za kujazwa kwa nyuma. Walipozidi kushika mapanga, ni kwa sababu risasi ziliwapungukia.

Atasema mtu kwamba filamu ni sanaa, na msanii hafungwi na kumbukumbu. Ni kweli, na hakuna anayedai filamu ihesabu kila risasi. Ila kubuni tukio ni jambo moja, na kugeuza sababu za vita ni jambo jingine. Waasi wa 1877 walipigania vyeo, posho na nafasi yao katika dola mpya. Kuwafanya wafia-dini wa upanga ni kuifuta siasa yao na kubakiza mavazi. Saigo alishindwa kwa uhaba wa watu, fedha na risasi, na filamu inayosema alishindwa kwa kuikataa bunduki inastahili kutazamwa kama hekaya, si kama historia.