Bashasha

Neno hili, tulilolipokea kutoka Kiarabu, wengi hulitumia kana kwamba ni sawasawa na furaha, na hali furaha yaweza kukaa moyoni pasipo mtu wa pili kuijua, ilhali bashasha haina maskani ila usoni, wakati mtu anapomlaki mwenziwe. Tofauti hiyo ilinidhihirikia nilipoitazama filamu ya Mike Leigh ya mwaka 2008, Happy-Go-Lucky, ambamo Poppy, mwalimu wa shule ya msingi mjini London, anayeigizwa na Sally Hawkins, anaibiwa baiskeli yake, naye hasikitiki ila kwa kuwa hakupata kuiaga. Hawkins alitunukiwa Dubu wa Fedha mjini Berlin kwa kazi hiyo, na alistahiki.

Uchangamfu? Hapana; huo ni wa ulimi na viungo. Poppy, mtoto mmoja darasani anapowapiga wenziwe, hutambua kwamba nyuma ya ngumi zile ipo dhiki, akamtafutia msaada. Na hata Scott, mwalimu wake wa udereva, mtu aliyejaa ghadhabu na shutuma, Poppy humkunjulia uso somo baada ya somo, akimwuliza habari za utoto wake.