Ubao wa Amri Kumi katika Jumba la Kabaka Mutesa

Tarehe 14 Aprili 1875, mwandishi wa habari aitwaye Henry Morton Stanley aliandika barua akiwa katika mji mkuu wa Buganda, juu ya kilima cha Rubaga. Barua hiyo ilikusudiwa magazeti ya Ulaya na Marekani. Pamoja na mambo mengine mengi, Stanley alieleza kwamba Kabaka Mutesa ameagiza Amri Kumi za Musa ziandikwe juu ya ubao ili azisome kila siku. Kwa maelezo yake, iliandikwa pia Sala ya Bwana, pamoja na ile amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako.

Barua ilichapishwa katika gazeti la Daily Telegraph la London tarehe 15 Novemba mwaka huohuo. Siku chache baadaye mtu mmoja asiyetaka kutajwa aliahidi pauni 5,000 ili wamisionari wapelekwe Buganda, na kufikia Juni 1877 wa kwanza wao walikuwa wamekwisha kuwasili. Ubao mmoja, basi, ulifungua mlango mkubwa. Ninawafundisha vijana ambao wengi wao wamekua katika nyumba zenye maandiko ukutani, na nimeona vyema leo tuutazame ubao huo kwa makini.

Swali la kwanza ambalo mwanafunzi wa historia angeuliza ni hili: kabaka alijifunza wapi kusoma, kabla ya shule yoyote ya kimisionari kujengwa? Jibu linatuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Tangu enzi ya baba yake, Suna, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wakifika Buganda kutoka Unguja kwa njia ya Tabora. Walileta nguo, bunduki, karatasi na Kurani. Mutesa alijifunza hati za Kiarabu, akazungumza Kiswahili, na kwa muda wa karibu miaka kumi alifunga Ramadhani na kuwaagiza watu wa baraza lake wafunge pia. Stanley mwenyewe alikuwa na kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesoma katika shule ya misheni ya Waingereza Unguja. Kijana huyo ndiye aliyebaki kwa Mutesa kama mwalimu na karani, na ndiye aliyefasiri sehemu za Biblia kwa Kiswahili kwa ajili ya kabaka.

Kwa hiyo, wewe uliyezoea kusikia kwamba Kiswahili kililetwa Uganda na askari, na kwamba ni lugha ya kuamrisha na kunyang'anya, fahamu kwamba miongo mingi kabla ya hapo kilikuwa lugha ya karani na mwalimu katika jumba la kabaka. Maneno ya Biblia yalisomwa Rubaga kwa Kiswahili kabla hayajachapishwa kwa Luganda. Nalisema hili kwa furaha kidogo, na utanisamehe.

Sasa turudi ukutani. Je, Mutesa alizishika amri alizoziandika?

Hapa yatupasa kuwa waadilifu. Stanley anasema kwamba kabaka aliamua kuitukuza Jumapili ya Wakristo pamoja na Ijumaa ya Waislamu. Mtu anaweza kucheka, lakini mwanasiasa hatacheka. Kaskazini, Misri ilikuwa ikisogea kuelekea Maziwa Makuu, na Mutesa alitafuta rafiki mwenye bunduki ambaye si Mmisri. Mgeni Mzungu mwenye Biblia alikuwa fursa. Ubao ule ulikuwa ibada, nao ulikuwa pia ujumbe kwa watu wa mbali. Sioni sababu ya kusema ulikuwa kimojawapo tu.

Lakini karibu na wakati huohuo, kati ya 1875 na 1876, makumi ya vijana Waislamu waliuawa kwa agizo lake, wengi wao Namugongo. Walikuwa wametumikia jumbani. Kosa lao lilikuwa kukataa nyama iliyochinjwa kwa wachinjaji wa kabaka na kukataa kuongozwa katika sala na mfalme asiyetahiriwa. Wamisionari walipofika, walimtaka aache wake zake wote isipokuwa mmoja; hakukubali, na alipofariki mnamo Oktoba 1884 alikuwa hajabatizwa. Amri ya kutoua na ile ya kutozini zilikuwa zimeandikwa. Aliyeziandikisha ndiye aliyekuwa sheria ya nchi, wala hapakuwa na baraza wala mahakama iliyoweza kumwambia asome tena mstari fulani.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo wanafunzi wangu huyachanganya wanapoandika insha kuhusu jambo hili: kutundika na kushika. Kutundika ni kuning'iniza kitu mahali pa juu, kwenye msumari au tawi. Kushika ni kukamata kwa mkono, na kwa maana ya ndani ni kufuata agizo bila kuliacha. Amri hutundikwa ukutani, na amri hushikwa na mtu. Hakuna anayesema kwa Kiswahili kwamba ukuta umeshika amri.

Agizo lenyewe la kuandika maneno ya Mungu nyumbani linatoka katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 11. Waisraeli waliambiwa wayaandike maneno hayo kwenye miimo ya milango na malango yao, wayafunge mkononi na katika paji la uso. (Mwimo ni ule mti uliosimama upande wa mlango, kizingiti ni kile kilicholala. Tafadhali usivichanganye.) Kwa Kiebrania mwimo huitwa mezuza, na kwa muda jina hilo lilihamia kwenye kitu kinachowekwa hapo: kipande cha ngozi kilichoandikwa kwa mkono, kwa wino, katika mistari 22, kikakunjwa na kutiwa ndani ya kijaluba. Mwandishi akikosea herufi moja, ngozi nzima haifai. Wayahudi huiweka upande wa kulia wa mtu anayeingia. Wapo wanaoisimamisha wima na wapo wanaoiinamisha, kwa kuwa wanazuoni wawili wa Ufaransa ya kale, Rashi na mjukuu wake Rabbenu Tam, walitofautiana: mmoja alisema isimame, mwingine alisema ilale. Kuinamisha kukawa suluhu.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba ndani ya mezuza hamna Amri Kumi. Mna vifungu viwili vya hizo sura za 6 na 11. Zamani, Hekalu lilipokuwa limesimama Yerusalemu, Amri Kumi zilikaririwa kila siku pamoja na ungamo la kwamba Mungu ni mmoja. Papiri iliyonunuliwa Misri, ikajulikana kwa jina la Nash, ina maandishi hayo mawili pamoja, na baadhi ya vijaluba vya kufunga mwilini vilivyopatikana katika mapango ya karibu na Bahari ya Chumvi vilikuwa na Amri Kumi ndani yake. Baadaye wanazuoni waliziondoa katika sala ya kila siku. Talmudi yataja sababu: walichelea watu waliosema kwamba hizo kumi tu ndizo zilizotolewa Sinai na kwamba nyingine zote si kitu. Kwa ufupi, waliogopa kwamba orodha fupi ingemfanya mtu asahau sheria ndefu ya kumtendea haki mgeni, mjane na mfanyakazi wa kutwa. Mimi naiona hofu hiyo kuwa ya busara sana.

Wasamaria wao walizichonga amri juu ya mawe. Jiwe moja la aina hiyo liliuzwa kwa mnada New York mnamo Desemba 2024 kwa zaidi ya dola milioni 5. Kwa maelezo ya wauzaji, lilifukuliwa mwaka 1913 wakati wa ujenzi wa reli katika nchi ambayo leo ni Israeli, likatumika kwa miaka mingi kama jiwe la sakafu nyumbani kwa mtu, maandishi yakiwa juu, watu wakiyakanyaga wakiingia na kutoka. Wapo wataalamu waliolitilia shaka jiwe lenyewe. Hata hivyo picha hiyo ya amri iliyokanyagwa mlangoni imenikaa akilini.

Uingereza ndiyo iliyotuletea sisi desturi ya bango. Baada ya Matengenezo ya Kanisa, sanamu na michoro mingi iliondolewa makanisani, na kanuni za mwaka 1604 ziliagiza Amri Kumi ziwekwe upande wa mashariki wa kila kanisa, mahali ambapo watu wangeweza kuziona na kuzisoma. Tazama neno hilo, kusoma. Dini ya maandishi ukutani huhitaji watu wasomao, na ndiyo maana Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa basomi, yaani wasomaji. Vijana wa jumba waliosoma chini ya Mutesa ndio waliouawa chini ya mwanawe Mwanga: watatu wa kwanza Januari 1885, na kundi kubwa lililochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Hao hawakuwa na ukuta wa kutundikia chochote. Namugongo hiyohiyo ndiko walikokuwa wameuawa Waislamu miaka kumi kabla, jambo ambalo mahujaji wengi wa kila Juni hawalikumbuki.

Na tusidhani kwamba Amri Kumi ni orodha moja inayokubaliwa na wote. Ukimuuliza Mkatoliki, amri ya kutoua ni ya tano. Ukimuuliza Mwanglikana au Myahudi, ni ya sita. Tofauti inatokana na jinsi ya kugawa maneno ya mwanzo kuhusu miungu mingine na sanamu, na yale ya mwisho kuhusu kutamani. Katika nchi ambamo Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa bunduki pale Mengo mnamo Januari 1892, tofauti hii si mchezo. Anayeandika bango la shule ya serikali na kuweka namba amekwisha kuchagua upande, ajue asijue.

Wamarekani wamelifikisha jambo hili mahakamani mara nyingi. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya nchi yao ilibatilisha sheria ya jimbo la Kentucky iliyotaka Amri Kumi zibandikwe katika kila darasa la shule za umma, ingawa mabango yalinunuliwa kwa michango ya watu binafsi. Mwaka 2005, siku moja, mahakama hiyohiyo ilikataza mabango katika mahakama za Kentucky na kuruhusu mnara wa mawe katika viwanja vya bunge la Texas. Mwaka 2024 jimbo la Louisiana lilitunga sheria mpya ya madarasa, ikapingwa mahakamani mara moja. Kwetu, Katiba ya 1995, Ibara ya 7, inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa, ilhali kaulimbiu ya nchi inamtaja Mungu kabla ya nchi. Wanafunzi huniuliza kama hayo mawili yanapatana. Huwajibu kwamba nyumba yako ni yako. Ofisi ya umma ni ya jirani yako pia.

Niliwahi kufundisha katika shule moja, nisiyoitaja, ambamo Amri Kumi zilitundikwa katika ofisi ya mhasibu, ndani ya fremu nzuri yenye kioo. Fedha za mtihani za wanafunzi wa kidato cha nne zilipotea ndani ya ofisi hiyo. Kilichofanyika baadaye ni kwamba fremu ilisafishwa.

Kuna Mganda mmoja aliyeisoma Biblia akachukua kila amri kwa uzito wake. Semei Kakungulu alikuwa jemadari aliyeuteka mashariki mwa Uganda kwa faida ya Waingereza, kisha akahisi wamemnyima alichostahili. Biblia nzima ilikuwa imechapishwa kwa Luganda tangu 1896, naye aliisoma. Aliuliza kwa nini siku ya saba imeachwa, na kwa nini tohara imeachwa. Mwaka 1919, karibu na Mbale, alijitahiri pamoja na wanawe, na mwaka 1922 alitoa kitabu cha kanuni na sala kwa wafuasi wake. Wakati huo hapakuwa na rabi aliyewafundisha. Watu hao ndio Abayudaya.

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Katika miaka ya 1970 Idi Amin alipiga marufuku ibada yao. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu, na mia kadhaa waliobaki walisali kwa siri. Fikiria, msomaji wangu, maana ya kitu kilichowekwa mwimoni wakati kama huo: kinamwambia kila apitaye nani anaishi humu. Utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979, walirudi hadharani. Mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, kwa kura za majirani ambao wengi wao ni Wakristo na Waislamu.

Ukirudi nyumbani leo jioni, simama mlangoni utazame kuta: kalenda ya parokia, aya ya Kurani, kitambaa alichodarizi bibi. Nakili maneno yaliyoandikwa hapo katika daftari lako, yafasiri kwa Kiswahili sanifu, kisha muulize mzee wa nyumba ni lini yaliwekwa na kwa sababu gani. Andika jibu lake kama alivyolisema.