Kumbi za Hekalu na Watu wa Nje

Huko Maore, kama kwingi Upare ya Kusini, muumini wa Shule ya Sabato hukutajia sehemu za hekalu bila kufungua kitabu: patakatifu, pazia, patakatifu pa patakatifu. Si ajabu. Waadventista Wasabato walifika milima ya Upare kutoka Ujerumani mwaka 1903, na fundisho la patakatifu ndilo uti wa mgongo wa imani yao. Ila ukiuliza habari za kumbi, majibu huwa mafupi. Ni hasara, kwa sababu ndani waliingia makuhani tu. Umma uliishia kumbini.

Hekalu la Sulemani, karne ya 10 KK, lilikuwa na ukumbi mmoja wa mbele, upana dhiraa 20 na kina dhiraa 10, yaani mita 10 kwa 5 hivi. Mambo ya Nyakati inaupa kimo cha dhiraa 120, mara nne ya nyumba yenyewe. Nadhani mnakili fulani aliteleza kalamu. Hapo zilisimama nguzo mbili za shaba, Yakini na Boazi, dhiraa 18 kila moja bila taji lake, kazi ya fundi Hiramu wa Tiro. Wataalamu wangali wanabishana kama zilibeba paa au zilikuwa pambo tu. Ramani yenyewe haikuwa ya Waebrania peke yao: mahekalu ya Ain Dara na Tell Tayinat, kaskazini ya Shamu, nayo yalikuwa na ukumbi wa nguzo mbili. Mwaka 586 KK Wababeli walizivunja nguzo za Yerusalemu, wakabeba shaba.

Hekalu lilikuja kujengwa upya, na Mfalme Herode ndiye aliyezifanya kumbi kuwa mji. Kuanzia mnamo 20 KK aliupanua uwanja wa hekalu hadi kufikia hekta 14 hivi na kuuzungushia safu za nguzo. Mwanahistoria Myahudi Josephus anauhesabia Ukumbi wa Kifalme, upande wa kusini, nguzo 162, kila moja ikihitaji watu watatu walioshikana mikono kuizunguka. Mashariki ulikuwapo ukumbi ulioitwa wa Sulemani, ambamo Yesu alitembea majira ya baridi na Petro akahutubia. Watu wa mataifa waliruhusiwa hadi kwenye kizuizi cha mawe chenye onyo la kifo kwa Kigiriki. Bamba moja la onyo hilo lilipatikana mwaka 1871, nalo liko Istanbul. Mpare anayeujua mpungi, msitu wa ukoo usioingiwa na kila mtu, hahitaji maelezo marefu hapo.

Penye umati pana askari. Wakati wa sikukuu Warumi walijipanga juu ya mapaa ya kumbi, silaha mikononi, wakiwatazama mahujaji. Mwaka 4 KK, siku za Pentekoste, Wayahudi waliyapanda mapaa hayohayo wakawarushia mawe. Warumi wakawasha moto chini. Paa la mbao, lami na nta likawaka, na wengi wakafa. Mwaka 70 BK, Warumi walipouzingira mji, mambo yaligeuka: Wayahudi waliujaza ukumbi wa magharibi kuni kavu na lami, wakajifanya kurudi nyuma, na Warumi walipopanda wakateketezwa. Baadaye Warumi waliuchoma ukumbi wa mwisho wa ua wa nje, na kwa hesabu ya Josephus humo walikuwamo watu 6,000, wakiwamo wanawake na watoto.

Wachimbaji wa mwanaakiolojia Benjamin Mazar, walioanza kazi mwaka 1968 chini ya ukuta wa kusini wa uwanja huo wa hekalu, waliokota vipande vya mawe yaliyochongwa ambavyo wengi wanavihusisha na Ukumbi wa Kifalme. Vina maua na michoro ya duara na pembe, bila sura ya mtu wala mnyama.