MJUE RUJUGIRO: TAJIRI WA SIGARA ALIYEFADHILI WAPIGANAJI, KISHA WAKAMGEUKA

Juzi kijiweni kwenye kahawa ulizuka ubishi: tajiri akiwa swahiba wa wenye bunduki, mali ni yake au kaazimwa tu? Nikamtaja Rujugiro, watu wakanitolea macho. Basi wasifu wake huu hapa.

Tribert Rujugiro Ayabatwa alizaliwa Rwanda mwaka 1941. Akiwa kijana alikimbilia Burundi, kipindi Watutsi wengi walipokuwa wakiihama nchi yao. Alianzia chini kabisa, hadi akamiliki kiwanda cha sigara. Burundi ya wakati ule ilikuwa ya wanajeshi. Kanali Bagaza alitwaa madaraka mwaka 1976, na ni enzi zake biashara ya jamaa ilinenepa. Mwaka 1987 Meja Buyoya akampindua Bagaza, na Rujugiro akatupwa ndani. Baadaye akahamia Afrika Kusini, akaanza upya.

Ungedhani atayakimbia magwanda. Thubutu! RPF ilipoanza vita Oktoba 1990, yeye alikuwa mmoja wa matajiri waliotoa fedha. Julai 1994 RPF wakaichukua Kigali, na mzee akawa mtu wa karibu wa Jenerali Kagame: mshauri wake, halafu mwenyekiti wa Rwanda Investment Group iliyoundwa mwaka 2006. Kampuni yake ndiyo iliyoshika karibu hisa zote za UTC, jengo kubwa la maduka katikati ya Kigali.

Sio kwamba alikuwa malaika. Oktoba 2008 alikamatwa London kwa hati ya Afrika Kusini, kesi ya kodi. Mwaka huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walimtaja katika ripoti yao kuhusu waasi wa Nkunda kule Kivu.

Kufikia mwaka 2010 urafiki na Kigali ulikuwa umekwisha. Serikali ilisema anafadhili wapinzani, yeye akakana. Oktoba 2013 UTC ikachukuliwa kama "mali iliyotelekezwa". Hapo ndipo ninapochoka mimi! Mwenye mali anajulikana, wapangaji wamo na wanalipa pango, eti imetelekezwa. Septemba 2017 ikapigwa mnada, safari hii kwa madai ya kodi.

UTC walikimbilia Mahakama ya Afrika Mashariki, hapa kwetu Arusha. Novemba 2020 majaji wakasema Rwanda imevunja Mkataba wa Jumuiya. Lakini jengo lilishauzwa zamani.

Hata biashara yake ya tumbaku kule Arua, Uganda, iliingia kwenye ugomvi wa Kigali na Kampala, ugomvi uliofunga mpaka wa Gatuna kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022.

Mzee alifariki Aprili 2024, akiwa bado nje ya Rwanda.

Wadau mliowahi kuingia UTC enzi zake, mwageni data.