Desturi ya Mkono Mmoja

Kabla ya kuenea televisheni hizi nyembamba, fundi mwenye hadhari aliyefungua mgongo wa televisheni ya kioo kinene alikuwa na ada mbili: kuumwaga kwanza umeme uliobaki katika kioo, kisha kufanya kazi kwa mkono mmoja, ilhali wa pili ameutia mfukoni. Wanagenzi wengi walizidhania kuwa ni ada za woga, walakini asili yake ni kongwe kuliko televisheni yenyewe.

Mwaka 1746, Pieter van Musschenbroek, mwanachuoni wa mji wa Leiden katika Uholanzi, alimwandikia mwenziwe Réaumur wa Paris habari za chupa ya maji iliyohifadhi umeme hata ikamtikisa mwili mzima, akamwonya asithubutu kulijaribu jambo hilo. Miaka michache baadaye Benjamin Franklin wa Philadelphia alibainisha kwamba umeme ule hukaa katika kioo chenyewe, wala si katika maji. Na mwezi wa Desemba 1750, alipokusudia kumwua bata mzinga kwa chupa mbili kubwa, alizigusa nyaya za juu kwa mkono mmoja na huku wa pili umeshika mnyororo uliounganika na nje ya chupa, umeme wote ukampitia mikononi na kifuani, akapotewa na fahamu. Ajali ile, kwa rai yangu, ndiyo hoja timamu ya kuutia mkono mfukoni, kwani umeme uingiao mkono huu na kutokea mkono ule hupita penye moyo.

Mwanafizikia Karl Ferdinand Braun alipounda tyubu yake huko Strasbourg mwaka 1897, ndiyo asili ya kioo kinene cha televisheni, alitaka kuyatazama mawimbi ya umeme tu, wala hakuwa na nia ya kuburudisha watu majumbani. Waliokuja baada yake wakaipaka grafaiti ndani na nje, na kwa kufanya hivyo wakairudisha chupa ile ya Leiden: vipitisha umeme viwili, na kioo kati yavyo. Katika televisheni za rangi, ambazo kwazo Zanzibar ilizitangulia nchi nyingi za Afrika katika miaka ya 1970, kioo hicho hubeba takriban volti 25,000, na huweza kuzihifadhi muda mrefu baada ya kuchomolewa waya ukutani. Fundi hufunga waya kwenye bisibisi ya mpini wa plastiki, akaunganisha ncha ya pili na waya mtupu uliozunguka mgongo wa kioo, kisha akaipenyeza bisibisi chini ya kifuniko cha mpira kilichoziba mahali umeme huo unapoingilia kiooni. Na baada ya dakika kadhaa hurudia, madhali kioo hurejesha sehemu ya umeme kilioumeza.

Aghalabu pigo la kioo peke yake haliui, bali humshtua mtu akavunja shingo ya tyubu. Muuaji hasa ni kapasita kubwa ya njia ya umeme wa nyumba, yenye volti zaidi ya 300, nayo haina budi kumwagwa pia. Nawasihi walimu wa vyuo vya ufundi wayaandike maarifa haya kwa Kiswahili, maadamu mafundi walioyatumia wangali hai.