Karatasi Moja Kutoka Bwenini

Ndugu msikilizaji, nilipokuwa kidato cha pili mwaka 1996, darasa letu lilikuwa na gazeti lake. Gazeti lenyewe halikupigwa chapa popote. Lilikuwa kaunta buku moja, ambamo wahariri watatu, mimi nikiwa mmojawapo, tuliandika kwa mkono maneno ya nyimbo za kufokafoka tulizozisikia redioni au katika kanda za kuazima. Tulibandika picha tulizozikata magazetini, na kila Ijumaa tuliandika orodha ya nyimbo kumi bora za wiki, za Wamarekani na za vijana wa mitaani kwetu pia. Kaunta buku hiyo ilipita chini ya madawati, mkono hadi mkono, na ilipoturudia Jumatatu ikiwa imechakaa kona, tulijiona watu wakubwa.

Gazeti hilo liliuawa na maandazi. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kurap alituletea maandazi wiki mbili mfululizo, nasi kwa shukrani tukamweka namba moja. Wenzetu waliisoma orodha ile, wakacheka, wakaturudishia daftari letu hata saa nne haijafika. Hakuna aliyetukaripia. Waliacha tu kuliomba.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu juzi walinijia wanafunzi wa chuo kimoja, wakitaka ushauri. Wanasanifu jarida la muziki kwa ajili ya vijana wenzao wanaopenda hip-hop. Walinionyesha rangi za jalada, aina za herufi, mahali pa picha na mahali pa matangazo. Kazi nzuri, kwa hakika. Nikawauliza swali moja: je, nani ataamua kipi kiingie na kipi kisiingie? Wakatazamana. Basi nikawasimulia habari za jarida moja la Marekani, ambalo nalo lilianzishwa na wanafunzi, nami naomba kuzirudia hapa.

Turudi nyuma hadi mwaka 1988, katika mji wa Cambridge, ng'ambo ya mto kutoka Boston. Wakati huo hip-hop ilikuwa imetimiza miaka 15 tangu DJ Kool Herc, kijana mzaliwa wa Jamaika, apige sahani katika tafrija ya dada yake huko Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973. Vijana waliupenda muziki huo, lakini redio nyingi kubwa ziliuogopa, na nyingine zilijisifu hewani kwamba rap hawapigi kabisa. Kijana aliyetaka kujua ni sahani gani mpya imetoka, au fulani ni nani na ametoka mtaa gani, hakuwa na mahali pa kuuliza isipokuwa kwa rafiki au dukani.

Katika Chuo Kikuu cha Harvard walikuwapo wanafunzi wawili, David Mays na Jon Shecter. Walikuwa wazungu, katika chuo cha watu wenye nafasi, nao walikuwa wakiupenda muziki wa vijana weusi wa mitaa ya kimaskini. Mays alikuwa na kipindi cha rap kilichoitwa Street Beat katika WHRB, redio inayoendeshwa na wanafunzi wa chuo hicho. Kutokana na wasikilizaji wa kipindi hicho alikusanya orodha ya majina na anwani za watu 1,000 hivi.

Naomba hapo tusimame kidogo, kwa maana ndipo penye usanifu wa kwanza wa jarida lolote. Kabla ya kuwa na jalada, kabla ya kuwa na picha, Mays alikuwa na wasomaji. Alijua wanaishi wapi na wanapenda nini. Wengi wetu tunafanya kinyume chake: tunachapa kwanza, kisha tunatoka barabarani kumtafuta wa kumuuzia.

Agosti 1988 Mays na Shecter walitoa karatasi moja ya habari za rap, wakaituma kwa watu wa orodha ile. Waliiita The Source, yaani Chimbuko. Maduka ya muziki ya mjini yalinunua nafasi za matangazo. Mwezi huohuo televisheni ya MTV ilianza kipindi chake cha Yo! MTV Raps. Februari 1989 tuzo za Grammy zilitoa kwa mara ya kwanza zawadi ya rap, na Machi mwaka huohuo jarida la Billboard lilianza orodha yake ya nyimbo za rap. Wale wanafunzi wawili, basi, hawakuanzisha mto. Waliona maji yanakuja, wakachimba mfereji mapema.

Mwaka 1990, baada ya chuo, jarida lilihamia New York. Wakati huo walikuwa wameungana na vijana wawili weusi, James Bernard aliyesomea sheria hapo Harvard, na Ed Young. Shecter akawa mhariri mkuu. Mays akawa mchapishaji, maana yake mtu wa fedha na matangazo. Chini ya jina lake jarida lilijitangaza kuwa la muziki, utamaduni na siasa za hip-hop. Neno hilo siasa halikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Msomaji alikuta habari za polisi na magereza katika jarida lilelile alilolinunua kwa ajili ya muziki.

Sasa tuangalie kurasa zake mbili, kwa sababu ndizo zilizolijenga.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa uhakiki wa albamu. Badala ya nyota, jarida lilitumia alama ya maikrofoni, kuanzia moja hadi tano. Maikrofoni tano zilitolewa kwa nadra sana, na kwa hiyo zilikuwa na thamani. Mwaka 1994 mhakiki kijana, Minya Oh, alizitoa kwa albamu ya Illmatic ya Nas, kijana wa Queens aliyekuwa na umri wa miaka 20 tu, na hiyo ikiwa albamu yake ya kwanza. Wapo walioguna. Lakini mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitangaza Illmatic kuwa miongoni mwa kazi za sauti zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa. Binti yule alikuwa ameona mbali.

Ukurasa wa pili uliitwa Unsigned Hype, yaani wasifiwao ambao bado hawajapata mkataba. Kijana yeyote aliyerekodi kanda ya majaribio aliweza kuituma, na mwandishi Matt Capoluongo, aliyejulikana kwa jina la Matty C, alichagua mmoja kila mwezi. Machi 1992 alimchagua kijana wa Brooklyn mwenye miaka 19, Christopher Wallace. Muda si mrefu kanda ile ilifika kwa Sean Combs, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Uptown, na mwaka 1994 dunia ilimjua kijana yule kwa jina la The Notorious B.I.G. Kabla yake ukurasa huo ulikuwa umempitisha DMX, na mwaka 1998 ulimpitisha Eminem.

Ndugu msikilizaji, ukurasa kama huo hauhitaji rangi nyingi wala karatasi ya kung'aa. Unahitaji mtu mmoja mwenye masikio mazuri, na msomaji anayeamini kwamba masikio hayo hayakununuliwa.

Na hapo ndipo penye ugumu wa biashara hii. Mwenye gazeti la kawaida anauza tangazo kwa muuza sabuni, naye haandiki uhakiki wa sabuni. Jarida la muziki linauza tangazo kwa kampuni ya kurekodi, na katika kurasa za ndani linapaswa kuihukumu albamu ya kampuni hiyohiyo. Anayekulipa ndiye unayemsahihishia mtihani. Dawa ya hali hiyo ni moja, nayo ni ya zamani: chumba cha matangazo na chumba cha wahariri viwe na ukuta katikati. Huyu asimwagize yule, na yule asimtungie huyu sifa. Kwa miaka kadhaa The Source ilijitahidi kuutunza ukuta huo.

Aliyeubomoa ni mjenzi mwenyewe. Mays alikuwa meneja wa kundi la rap la Boston, The Almighty RSO, lililomjumuisha rafiki yake Raymond Scott, aitwaye Benzino. Wahariri hawakuona sababu ya kuliandika kundi hilo. Katika toleo la Novemba 1994 Mays aliingiza makala ya kurasa tatu kulihusu, bila wahariri kujua. Waliiona ikiwa imekwisha chapwa. Shecter, Bernard, mhariri wa muziki Reginald Dennis na wengine wakaondoka. Bernard na Dennis baadaye walikuwa miongoni mwa walioanzisha jarida pinzani, XXL, mwaka 1997.

Nisiseme uongo kwamba jarida lilianguka kesho yake. La hasha. Liliendelea kukua, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa miongoni mwa majarida ya muziki yaliyouzwa zaidi katika vibanda vya magazeti vya Marekani. Mti ulioingiwa na mchwa huchanua bado msimu mmoja au miwili. Lakini mwaka 1999 albamu ya kundi la Made Men, ambalo Scott alikuwamo, ilipewa maikrofoni nne na nusu, na wasomaji wakaanza kuulizana. Mwaka 2003 Scott, ambaye sasa alikuwa mshirika katika jarida, alikuwa katika ugomvi na Eminem, na jarida likaugeuza ugomvi huo kuwa wake. Jarida lililompokea kijana yule kabla hajajulikana likawa silaha ya mwenye nyumba. Januari 2006 bodi iliwaondoa Mays na Scott. Mwaka 2007, kwa uzito wa madeni, kampuni ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi.

Utaniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Hapa kwetu, mwaka 1991, Saleh Jabir alishayatia maneno ya Kiswahili katika mapigo ya rap ya Wamarekani, na mwaka 1993 liliundwa kundi la Kwanza Unit. Redio binafsi zilipoanza Dar es Salaam mwaka 1994, vijana hao walipata mahali pa kusikika. Kaunta buku yetu ilizaliwa na wimbi hilo. Kwa hiyo shida ya Boston na New York ni shida yetu vilevile, ila sisi huipa jina la bahasha. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya studio, nimewekewa bahasha juu ya meza na mtu aliyesema kwa upole kabisa kwamba ni nauli tu. Niliirudisha, lakini nakiri kwamba siku hiyo nilikuwa sina nauli kweli. Ndiyo maana sipendi kuwacheka vijana wanaoanza. Wanaanza bila fedha, na wa kwanza kuwasaidia daima ni yule anayetaka kusifiwa.

Nilipofika hapo katika masimulizi yangu, mmoja wa wale wanafunzi, binti aliyekuwa kimya muda wote, alisema kwa sauti ya chini kwamba jalada la toleo la kwanza wameshaliahidi. Meneja wa mwanamuziki mmoja atalipia gharama zote za uchapaji, na picha ya mwanamuziki wake ndiyo itakayokaa mbele. Wenzake walimtazama kama aliyetoboa siri ya nyumbani.

Sikuwakaripia. Niliwaambia mambo matatu. Kwanza, wampe meneja huyo ukurasa wa tangazo, wenye neno TANGAZO juu yake, hata ikibidi jarida lipungue kutoka kurasa 32 hadi 8. Hata The Source ilianza na karatasi moja. Pili, anayetafuta matangazo asiwe yule anayehakiki nyimbo, na majina ya wote wawili yaandikwe ukurasa wa kwanza ili msomaji awajue. Tatu, waweke ukurasa mmoja kwa kijana asiyejulikana, asiye na meneja wala studio, na wasikubali kutoka kwake hata andazi.

Binti yule aliandika yote. Mvulana aliyebeba michoro ya jalada hakuandika kitu. Aliuliza kama nadhani kurasa 8 zinaweza kuitwa jarida.

Toleo lao linatarajiwa mwezi ujao. Nitanunua nakala kwa fedha yangu, na kitu cha kwanza nitakachokitazama ni uso ulioko jaladani. Hadi wiki ijayo, kwa heri.